Tunapumzika Kidogo

Mji wa Valletta, kule Malta, ulijengwa na watu ambao hawakumfikiria hata siku moja mtu anayesukuma kiti cha magurudumu. Barabara kuu ni tambarare, lakini ukikata kona tu njia inageuka kuwa ngazi, na ngazi zenyewe zinateremka kuelekea baharini. Restuta alilijua hilo saa tatu na nusu asubuhi, akiwa ameshika vishikio vya kiti cha Mama Lila, jua limeshaanza kuchoma, na watalii kumi na wanne mbele yake wakimfuata mwanamke mwenye mwavuli mwekundu.

Mama Lila alikuwa ametimiza miaka themanini. Mwanawe, Mahendra, mwenye duka la dawa huko Kenton, London, alitaka mama yake auone mji wa kale kabla macho hayajafifia. Hilo ni jambo jema na hakuna wa kulisema vibaya. Lakini Mama Lila hatembei, haogi peke yake, na usiku huamka mara mbili tatu. Kwa hiyo Restuta naye alichukuliwa, yeye anayemhudumia nyumbani kwao Kenton mwaka wa tano sasa. "Utaona dunia, Dada Restuta," Mahendra alimwambia. "Wewe ni mtu wa nyumbani." Alikuwa na maana kwamba familia yao nayo, kama Restuta, ilitoka Bukoba, ambako Mama Lila alizaliwa na kuuza vitambaa mpaka walipoondoka mwaka wa sabini na moja, na Kiswahili cha nyumba ile hakijakatika hadi leo. Mahendra alipenda kulisema neno hilo, mtu wa nyumbani, hasa alipokuwa na shida yake.

Kiongozi wa matembezi, yule wa mwavuli, alikuwa mwenyeji wa pale pale, mchangamfu, anayeijua kazi yake. Kila alipofika penye ngazi alisimama akasema kwa upole kwamba wenye kiti wazunguke kwa barabara ya juu, watakutana mbele. Wenye kiti walikuwa wawili, aliyekaa na aliyesukuma. Mahendra na mkewe Bharti waliteremka ngazi pamoja na wengine, Restuta akazunguka. Alipofika, jasho linamtiririka mgongoni, hadithi ilikuwa inaisha na mwavuli umeshainuliwa kuelekea kwingine. Asubuhi nzima alisikia mwisho wa kila hadithi. Alisikia, "...naye akafia hapo hapo." Alisikia, "...ndiyo maana mlango ni mdogo." Karibu na ngome alisikia, "...na watumwa walilala humu chini," akataka kuuliza watumwa gani, waliotoka wapi, ndio walioyabeba mawe haya yote au ni wengine, lakini watu walikuwa wameshageuka na Mama Lila anataka maji.

"Leta maji. Hii hapana, hii imepata moto. Leta ya baridi."

"Ya baridi hakuna, Mama. Kunywa hii kidogo."

"Bharti iko nayo kwa mfuko wake."

"Bharti ameteremka ngazi."

"Basi mwite!"

Restuta hakumwita. Alilowesha leso kwa yale maji ya moto akampangusa mama wa watu uso na shingo, naye akatulia. Mbele kidogo palikuwa na mzee anauza nyanya kwenye gari dogo, anamhesabia mteja kwa lugha ya kwao, na katikati ya hesabu ile Restuta na Mama Lila wote wawili wakasikia sita, sita kabisa, kama ya sokoni Bukoba. Mama Lila akapiga mkono wa kiti. "Restuta! Huyu mzee anahesabu kama sisi!" Wakacheka mpaka mzee naye akacheka, akawapa nyanya moja bure. Kwa dakika ile Restuta alisahau magoti yake. Tunalieleza hili ili ijulikane kwamba hapakuwa na uadui kati ya wanawake hawa wawili, na kwamba yaliyokuja baadaye hayakuletwa na chuki ya mtu.

Karibu na saa sita mchana walifika kwenye bustani iliyo juu ya bandari, yenye matao makubwa ya mawe. Watu wakajipanga kupiga picha. Restuta naye akatoa simu. Akakisogeza kiti nyuma ya nguzo, kivulini, akakifunga breki, akavua aproni, akajipaka mafuta midomoni, akamwomba Bharti ampige mbili tatu. Bharti, ambaye hana roho mbaya, akamwazima na miwani yake ya jua.

Hapa panahitaji maelezo kwa asiyewajua watu wetu wa ughaibuni. Hakuna mtu anayetuma kazi yake nyumbani. Anayefagia stesheni hupigwa picha akiwa ameegemea gari la mtu mwingine. Anayeosha vyombo hupigwa picha mbele ya hoteli, si nyuma yake. Si uongo, wenyewe hawauiti uongo. Ni kuwaondolea wazee wasiwasi na kuwanyima maadui la kusema. Miaka kumi na saba Restuta hajawahi kutuma nyumbani picha yenye glovu, ndoo wala kiti cha magurudumu. Kwa hiyo ile picha ilitoka safi: mwanamke wa miaka arobaini na tisa, amejaa, amependeza, mkono kiunoni, bahari nyuma yake. Akaituma kwenye kundi la simu la kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, akaandika chini yake: "Tunapumzika kidogo. Mungu ni mwema."

Majibu yakaanza kuingia kabla hajaifungua breki.

"Mama wa bibi harusi huyooo!"

"Wifi, hata sisi tutafutie nafasi."

"Huyo ndiye mama, siyo sisi wa kunyonyoka nywele na michango."

Akatabasamu, akairudisha simu mfukoni, akashika vishikio. Mzinga wa saa sita ukalia kutoka ngomeni na Mama Lila akajikojolea kwa mshtuko. Restuta alimbadilisha kwenye choo cha bustani, huku kundi likimsubiri na mtalii mmoja akitazama saa.

Siku zote kumi zilikuwa hivyo. Huko Kenton kazi ya Restuta huisha saa moja jioni. Malta chumba kilikuwa kimoja chenye vitanda viwili, na kazi haikuisha.

*

Walirudi London mwanzoni mwa Juni. Restuta na mumewe Elkana wanaishi Peckham, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, juu ya saluni ya nywele. Elkana anasafisha ofisi alfajiri na kubeba mizigo ghalani mchana. Pasipoti yake ilikuwa kwa watu wa uhamiaji tangu Januari, na kila akipiga simu anaambiwa asubiri. Maana yake ilikuwa kwamba katika sendofu ya Kemilembe, mtoto wao wa kwanza na wa pekee, aliyeachwa kwa bibi yake Bukoba akiwa na miaka sita, baba hatakuwepo. Basi angekuwepo mama. Kipaimara walikikosa. Kumaliza shule walikukosa. Chuo walitazama kwenye simu, na simu ikakatika wakati jina lake linatajwa. Safari hii Restuta aliapa. Sendofu ni Jumamosi, Julai kumi na tano, harusi wiki inayofuata. Tiketi ilishakatwa ya Jumatano ya tarehe kumi na mbili, na gauni la mama lilishashonwa, la kitenge cha sare ya kamati, linaning'inia nyuma ya mlango.

Likizo alishaomba tangu Februari. Wiki tatu, alizozitunza mwaka mzima bila kugusa hata siku ya kuumwa meno. Mahendra alijibu akiwa amesimama dukani kwake, anahesabu vidonge. "Hakuna shida, Dada Restuta. Mtoto ni mmoja. Nenda." Hakuandika kitu, na Restuta hakumwomba aandike. Ungemwombaje mtu wa nyumbani akuandikie? Angeona humwamini.

Tarehe ishirini Juni Mahendra alimkuta jikoni anasaga ndizi za Mama Lila. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Dada Restuta, kuna kitu kidogo tu. Mambo ya mahesabu ya kazi." Akaiweka mezani, akaigeuza upande wake. "Likizo yako ya mwaka huu. Umeshachukua siku kumi. Na ile sikukuu ya Jumatatu ya Pasaka nimeihesabu. Umebakiwa na nne."

"Siku kumi zipi?"

"Za Malta."

Restuta alicheka. Kweli alidhani ni mzaha, kwa sababu Mahendra ni mtu wa mizaha. "Bwana Mahendra, Malta si nilikwenda na Mama?"

"Ulikwenda na sisi, ndiyo. Hoteli tulilipa, ndege tulilipa, matembezi tulilipa. Umeona mji wa kihistoria ambao watu wanaweka akiba miaka kuuona."

"Nilikuwa kazini. Usiku na mchana."

Mahendra akashusha pumzi, akatoa simu. Alikuwa na ile picha. Restuta aliiweka pia mahali ambapo marafiki wote wa simu yake huona, na Mahendra ni rafiki, ana namba yake. Akamsomea kwa Kiswahili chake kizuri, taratibu: "Tunapumzika kidogo. Mungu ni mwema." Akamwangalia. "Mimi sikuandika haya, dada. Wewe mwenyewe umeandika."

Restuta alitazama ile picha. Mkono kiunoni. Miwani ya Bharti. Alihisi aibu kwanza, kabla ya hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye: kwamba alipotapeliwa, yeye ndiye aliyeona haya.

"Na sendofu ya mtoto wangu?"

"Nimefikiria. Ningependa sana. Lakini binti wa dada yangu anaolewa Toronto, Jumamosi ile ile, tarehe wameileta mwezi uliopita. Mimi na Bharti lazima tuwepo, mimi ni mjomba. Tunaondoka Jumatano. Mama hawezi kukaa ndani ya ndege muda wa saa nane."

"Tafuteni mtu wa wiki tatu. Wapo wengi."

"Mama hataki mgeni. Anakutaka wewe." Akamgusa bega. "Nyinyi siku hizi mnaangalia kila kitu kwenye simu. Utaiona yote, kama upo pale."

*

Restuta hakumwambia Elkana siku tatu. Siku ya nne wifi yake Teresia, dada yake Elkana na mwenyekiti wa kamati, alipiga kuuliza mama atafikia wapi, akalazimika kusema. Hakumaliza. Teresia akasema, "Haya, mama," kwa sauti ya mtu anayefunga daftari, akakata. Nusu saa baadaye akapiga Kemilembe mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza..."

"Mama, nikuulize. Malta ulikaa siku ngapi?"

Restuta akakaa kitandani. "Kumi."

"Mimi nakuomba siku moja."

"Kemi, sikwenda kutembea. Nilikwenda kazini. Yule mama ninayemhudumia hatembei, nilikuwa namsukuma kwenye kiti, mji mzima, ngazi tupu..."

"Kiti kipi?" Sauti ya Kemilembe ilikuwa haitetemeki, na ni afadhali ingetetemeka. "Mama, hiyo picha nimeikuza mpaka imevunjika vunjika. Nimeangalia kila kona. Hakuna kiti. Shangazi ameiangalia. Kamati nzima imeiangalia."

"Nilikiweka nyuma ya nguzo."

"Kwa nini ukiweke nyuma ya nguzo?"

Restuta akaligeukia gauni la kitenge nyuma ya mlango, akajisemea moyoni. Kwa nini! Kwa ajili yako, mtoto we. Ili shuleni useme mama yangu yuko Ulaya na isemwe hivyo hivyo bila swali la pili. Miaka kumi na saba alikuwa amewafundisha watu wa kwao kumwona hana taabu, na wamefuzu.

"Basi, Mama," alisema Kemilembe. "Nitamwambia shangazi akae kwenye kiti chako."

*

Elkana aliposikia yote alivunja kikombe. Kisha akachukua ufagio akakikusanya, akakaa mezani na kofia yake ya kazi bado kichwani.

"Mhindi yule ni mwizi," alisema.

"Usiseme Mhindi. Mwizi inatosha. Wapo na Wahaya wa kutuibia."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda."

"Utakwenda, halafu?" Elkana aliinamisha kichwa. "Mama Kemi, nisikilize bila kunikasirikia. Ukiondoka bila ruhusa, ataandika umemtelekeza mgonjwa. Nani atakupa kazi tena ya kuhudumia wazee? Na karatasi zangu ziko kwa watu wanaouliza kila kitu. Nyumba hii inasimama kwa mshahara wako, mimi ninachangia tu. Mtoto atalia siku moja. Sisi tutalia mwaka."

"Kwa hiyo nibaki."

"Sijasema ubaki."

"Umesema nini, Baba Kemi?"

Elkana akavua kofia akaiweka mezani. Alikuwa mwanamume mwema na alikuwa anaogopa, na hofu ya mtu mwema ni ngumu kuigombeza. Restuta alimchukia kwa muda wa kupika ugali, kisha wakala.

Siku zilizofuata alijaribu kila mlango. Alipiga simu kwenye ofisi moja ya ushauri, mwanamke wa pale akamsikiliza vizuri, akamwuliza kama makubaliano ya Februari yako kwenye maandishi, kama saa alizofanya Malta ziko kwenye maandishi, kama kuna picha inayomwonyesha akifanya kazi. Hapana, hapana na hapana. Alimwomba Mahendra wiki moja badala ya tatu. Aliomba siku nne zile zile zilizobaki. Mahendra kila mara alisikitika sana. Ana namna ya kusikitika ambayo ukimaliza kuongea naye unajikuta wewe ndiye unayempa pole.

*

Jumapili ya tarehe tisa Julai alikwenda Kenton ingawa haikuwa zamu yake, kuongea mara ya mwisho. Mahendra na Bharti walikuwa sebuleni, wamekula, masanduku ya Toronto yamefunguliwa kwenye zulia. Mama Lila alikuwa dirishani. Mezani palikuwa na albamu mpya, kubwa, ya jalada gumu, iliyoandikwa kwa dhahabu: miaka themanini ya Mama. Bharti aliitengeneza kuipeleka kwa ndugu.

"Tazama, Restuta," alisema Mama Lila. "Malta yote iko ndani. Tafuta yule mzee wa nyanya."

Restuta akaifungua kwa adabu tu. Ukurasa wa kwanza, Mama Lila mbele ya lango la mji. Wa pili, Mama Lila na Mahendra chini ya tao. Wa tatu, Mama Lila na Bharti. Akageuza, akageuza tena, kisha akarudi mwanzo. Yeye hakuwemo. Uso wake haukuwemo hata mara moja katika kurasa arobaini. Lakini kwenye kila picha, juu ya mgongo wa kiti, palipokatwa na ukingo wa karatasi, palikuwa na mikono miwili myeusi imeshika vishikio. Kwenye ngome, mikono. Mbele ya kanisa, mikono. Bandarini, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine umeshika mwavuli juu ya kichwa cha Mama Lila.

Aliigeuza albamu akaisukuma mbele ya Mahendra.

"Hii mikono ni ya nani?"

Mahendra akatazama. "Dada Restuta, leo ni Jumapili."

"Nauliza mikono hii ni ya nani. Hapa. Na hapa. Na hapa." Alikuwa anagonga kila picha kwa kidole. "Hii nayo ilikuwa inapumzika? Huyu mwenye mikono hii alikuwa likizo?"

"Hakuna aliyekulazimisha kusukuma kila dakika. Ungesema umechoka. Ulisukuma kwa mapenzi, na sisi tulifurahi. Mtu wa familia anamsukuma mama, hahesabiwi masaa."

Bharti akaanza kukunja sari iliyokwisha kukunjwa.

"Sawa," alisema Restuta. "Basi Jumatano familia itamsukuma."

"Unasema nini?"

"Naondoka Jumatano. Nakuambia leo ili usiseme hukuambiwa. Una siku tatu."

Uso wa Mahendra ulibadilika, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akaacha Kiswahili akasema kwa Kiingereza, cha haraka, cha dukani, kwamba hilo lina jina lake kisheria, kwamba yeye ataandika barua, kwamba Kenton na Harrow watu wote wanajuana na hatapata hata nyumba ya kupiga deki. Restuta alimwacha amalize. Alitoa simu, akapiga picha kurasa tano za ile albamu, mikono na vishikio na kiti chote, akatoka.

Akiwa kituo cha basi alizituma. Hakuzituma kwa Kemilembe peke yake. Alizituma kwenye kundi la kamati, watu arobaini na mmoja, wifi na mashemeji na majirani wa mama yake, wote aliowaficha. Kwa hasira akakosea herufi, akafuta, akaandika upya: "Hiyo mikono ni yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nimekuja huku. Nafuta wazee, nawabeba, nawaogesha. Malta nilikuwa kazini. Jumamosi nitakuwepo, na atakayecheka acheke nikiwa nimekaa mbele yake."

Mabasi mawili yakapita. Kisha Teresia akaandika neno moja, "Wifi," halafu baada ya dakika nzima, "Nisamehe." Na Kemilembe, pembeni, kwenye simu yake Restuta peke yake: "Mama, magoti yanauma?"

Restuta alilia pale kituoni, watu wakipita na mifuko ya mboga.

*

Mahendra hakutafuta mtu. Hii ndiyo sehemu inayoudhi kuliko zote: alikuwa na siku tatu, alikuwa na simu, alikuwa na uwezo, na hakutafuta mtu, kwa sababu hakuamini. Jumatatu Restuta alikuja kazini kama kawaida, Jumanne akaja, na Mahendra akatafsiri kuja kwake kuwa ameshapoa. Jumanne jioni alimwachia sanduku la chokoleti jikoni.

Jumatano saa moja asubuhi Restuta aliingia na ufunguo wake. Masanduku ya Toronto yalikuwa yamepangwa mlangoni, matatu. Alimwamsha Mama Lila, akamwogesha, akamkausha kati ya vidole vya miguu, akampaka losheni, akamsuka nywele, akamlisha ndizi zake. Hakuwa na haraka. Alipokuwa anamvalisha soksi alimwambia.

"Mama, mimi leo naondoka. Mtoto wangu anaolewa."

Mama Lila alimtazama. "Kesho utakuja?"

"Hapana, Mama. Sitakuja tena."

"Na mimi nitakaa na nani?"

"Na Mahendra."

Mama Lila akacheka kidogo, kama aliyeambiwa jambo lisilowezekana, kisha akaacha kucheka. Akamshika Restuta kifundo cha mkono kwa nguvu. "Usiende," alisema. "Mimi ni mzee. Mtoto ataolewa tu, hata kama uko hapa ataolewa."

Kama angesema nenda, mwanangu, hadithi hii ingekuwa tamu zaidi. Lakini hakusema. Alikuwa mtu mzima anayeogopa, naye alijifikiria mwenyewe kwanza, kama tunavyofanya sote. Restuta alivitoa vile vidole kimoja kimoja, bila kuviumiza.

Aliteremka. Mahendra alikuwa ukumbini amevaa koti la safari, anaangalia kama teksi imefika. Restuta akampa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na dawa zote na saa zake, chakula, daktari, namba za simu. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu kwa Kiingereza, aliyosaidiwa kuiandika na yule mwanamke wa ofisi ya ushauri: kwamba leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mama Lila amekabidhiwa kwa mwanawe akiwa ameoga, amekula na hana jeraha.

"Weka sahihi."

"Dada Restuta, acha utoto. Teksi inakuja."

"Weka sahihi, Bwana Mahendra. Si unataka kusema nimemtelekeza? Basi mpokee."

Alipiga kelele. Alimwita Bharti, Bharti akaja, akaisoma karatasi, akamtazama mumewe muda mrefu, akavua viatu vyake vya safari. Akachukua kalamu iliyokuwa karibu na simu akaweka sahihi yake yeye. Restuta akaikunja karatasi, akauacha ufunguo mezani.

Juu, Mama Lila alianza kuita. Alikuwa anataka kwenda chooni, na mwenye miaka themanini akitaka kwenda chooni hasubiri. "Restuta! Restuta!" Mahendra alipanda ngazi mbili, akasimama. Teksi ikapiga honi nje. Akageuka, na uso wake ulikuwa umekwisha, hauna tena kusikitika wala ubosi.

"Nisaidie hili moja tu," alisema. "Niambie. Anainuliwaje?"

Miaka mitano Restuta alikuwa ndani ya nyumba ile. Mkono mmoja chini ya kwapa, goti lako katikati ya magoti yake, umhesabie mpaka tatu, usimvute bega la kushoto. Yote alikuwa nayo mdomoni.

"Muulize," alisema. "Mama ni wako."

Akafungua mlango akatoka. Mwenye teksi alikuwa ameshateremka kupokea masanduku. Restuta akamwambia kwamba kwenye nyumba ile hakuna anayesafiri, akaelekea stesheni.